Mgando, yogati au kefiri: kipi kiingie kwenye jagi la sikukuu?

Nyumbani kwetu Tanga, siku ya sikukuu, pilau haiwekwi mezani kabla ya jagi. Ni jagi kubwa la kioo lenye maziwa yaliyoganda, yaliyosagwa na tende na hiliki, na juu yamekunwa kungumanga kidogo. Wageni wanaokuja mara ya kwanza hudhani ni milkisheki. Wakishaonja huuliza: haya ni mtindi? Umeyafanyaje hata hayachomi ulimi?

Swali linalofuata ndilo gumu. Mtu anataka kujaribu kwake, anaambiwa na huyu atumie mgando, na yule yogati, na shemeji aliyerudi kutoka ng'ambo anamsifia kefiri. Vyote vitatu ni maziwa yaliyochachushwa, lakini havina tabia moja, na ukikosea chaguo utajikuta unamimina sukari mpaka faida yote imepotea.

Tuanze na hiyo sukari, kwa sababu ndiyo sababu ya kuacha vinywaji tulivyovizoea. Soda ya kawaida ina karibu gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya nusu lita ni gramu 50 au zaidi. Maziwa mazito ya kopo tunayopenda kuyamimina kwenye vinywaji vya sherehe yanazidi hapo: zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari, na kopo la gramu 390 hivi linabeba zaidi ya gramu 200. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati tunayokula kwa siku, na kwamba kushuka chini ya asilimia 5 kunaleta faida zaidi. Kwa mtu mzima hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai kwa siku nzima.

Katika kutengeneza jagi hili miaka yote nimejifunza kwamba uchachu ndio unaoita sukari. Mama anayetia vijiko vinane hafanyi hivyo kwa ulafi. Anatia kwa sababu maziwa yamepitiliza na uso unamkunjika. Ukitaka kinywaji chenye afya, anza na maziwa yenyewe: yamegandishwa na nini, kwa joto gani, na uliyaingiza kwenye friji saa ngapi. Bakuli la sukari ni la mwisho.

Nitakavyovipima

Kwa kila kimoja nitaangalia uchachu wake, uzito wake kwenye glasi, kazi na muda, hali yake tumboni, na kinamfaa nani. Bei sitaipa nafasi yake peke yake, maana maziwa ni yale yale. Inapotofautiana nitataja.

Usalama wa maziwa ni sharti la vyote, kwa hiyo nauweka hapa mwanzo. Chemsha maziwa kabla ya kuyagandisha, hata kama ng'ombe ni wa jirani unayemwamini. Homa ya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe hupita kwenye maziwa mabichi, na uchachu hauui vijidudu hivyo kwa uhakika. Najua wazee wetu waligandisha maziwa mabichi, na ladha yake ninaikumbuka. Lakini siku ya sikukuu kwenye meza kuna wajawazito, watoto na wagonjwa, na jagi ni moja.

Maziwa mgando

Tanzania tunasema mgando au mtindi, Kenya ni mala, yaani maziwa lala, maziwa yaliyolala. Wanyarwanda wana ikivuguto yao. Kwa Kiswahili cha zamani mtindi hasa ni yale yanayobaki baada ya maziwa kusukwa na kutolewa siagi, ila siku hizi dukani neno hilo limebeba yote. Bakteria wa mgando hupenda joto la chumbani, kati ya nyuzi 20 na 30, na ndiyo maana yamekuwa maziwa yetu: hayadai chombo chochote.

Chemsha lita moja, acha ipoe mpaka chombo ukikigusa husikii joto wala baridi, kisha koroga vijiko vitatu vya mgando wa jana au wa pakiti usio na sukari. Funika kwa kitambaa safi. Pwani mwezi wa Desemba, ukitia saa mbili usiku, angalia saa moja asubuhi. Ukiinamisha chombo na maziwa yakaondoka ukutani kwa pamoja, yameiva. Yatie kwenye friji hapo hapo. Njombe, Arusha au Nairobi yanaweza kutaka mpaka mchana. Hata hapa pwani saa hazifanani mwaka mzima: Krismasi haibadiliki, daima ni joto, lakini Idi husogea nyuma siku 11 hivi kila mwaka, na ikiangukia Juni au Julai maziwa yale yale yatachelewa.

*Uchachu.* Ni wa upole yakikamatwa mapema, na una harufu ya siagi ambayo tende na hiliki huipenda sana. Ukiyasahau mpaka saa sita mchana yatakuwa makali, na hapo ndipo sukari inapoitwa.

*Uzito.* Wa kati. Yanamiminika, hayahitaji kuongezwa maji, na ukiyapiga kwa mwiko wa waya yanakuwa laini bila blenda. Hili ni jambo la maana siku umeme ukikatika.

*Kazi na muda.* Kazi ya dakika kumi na usiku mmoja. Lita moja ya maziwa inakupa lita moja ya kinywaji, kwa hiyo ndiyo njia ya gharama ndogo.

*Tumboni.* Bakteria wametumia sehemu ya laktosi, ile sukari ya maziwa inayowasumbua watu wazima wengi wa kwetu, lakini nyingine imebaki. Anayejaa gesi kwa glasi ya maziwa matupu mara nyingi huyaweza haya, akianza na kidogo.

*Yanamfaa nani.* Mwenye wageni wengi, bajeti ya kawaida, na aliyeko mahali penye joto. Pia anayetaka ladha ambayo bibi hatauliza ni kitu gani.

Nitaje na mursik, maana ndugu zetu wa Bonde la Ufa wataniuliza. Wakalenjin hugandisha maziwa katika kibuyu, sotet, kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, na wanariadha wanaporudi na ushindi hupokewa nayo. Ni kinywaji cha sherehe kilichokamilika chenyewe. Usikitie tende wala vanila. Ule moshi na utamu havielewani. Kinywe kilivyo.

Yogati

Bakteria wa yogati ni wengine kabisa, wa joto. Wanafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 42 hadi 45, na chumba cha kawaida ni baridi mno kwao. Kwa hiyo lazima uwalindie joto. Chemsha maziwa, yaache juu ya moto mdogo dakika chache (huko kuchemka kunabadilisha protini za maziwa na ndiko kunakoipa yogati uzito wake), kisha yapooze mpaka uweze kuzamisha kidole safi na kuhesabu mpaka kumi bila kuungua. Koroga vijiko viwili vya yogati tupu yenye bakteria hai. Mimina kwenye hotpoti au chupa ya chai yenye mdomo mpana, funga, na usiitikise. Saa tano hadi nane inatosha.

*Uchachu.* Mkavu na wa moja kwa moja kuliko wa mgando. Hauna ile harufu ya siagi. Ukiitoa kwenye joto mara tu inaposhika, ni mpole sana.

*Uzito.* Hapa yogati haina mpinzani. Ukiichuja kwa kitambaa cha pamba saa mbili au tatu ndani ya friji, inakuwa nzito kama krimu, na unaweza kuilegeza kwa maziwa freshi ya baridi kadiri unavyotaka. Maziwa hayo hupunguza ukali, na sukari haijaguswa bado. Kuchuja kunakula ujazo, lakini: lita moja inaweza kubaki nusu. Maji yanayotoka usiyamwage, kandia unga wa mikate au chapati.

*Kazi na muda.* Inataka macho zaidi ya mgando kwa sababu ya joto. Ukitia mbegu, yaani ile yogati ya kuanzishia, maziwa yakiwa moto sana unaua bakteria, na yakiwa baridi sana hakuna kinachoshika. Faida yake ni kwamba inaiva mchana mmoja, kwa hiyo aliyekumbuka asubuhi bado ana nafasi ya kuwahi chakula cha usiku.

*Tumboni.* Bakteria hai wa yogati huendelea kusaidia kumeng'enya laktosi hata baada ya kumeza. Ile iliyochujwa ina laktosi pungufu zaidi, kwa kuwa nyingine imeondoka na maji. Angalia pakiti ukinunua: nyingi za ladha ya stroberi au vanila zimeshatiwa sukari nyingi kiwandani.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kinywaji kizito cha kulia kijiko, mwenye watoto wanaokwepa uchachu, na aliyeko sehemu za baridi ambako mgando unasuasua.

Kefiri

Kefiri asili yake ni milima ya Kaukazi. Haigandishwi kwa kijiko cha jana kama hizi mbili. Inagandishwa kwa chembe: vinundu vyeupe, laini, vyenye umbo kama vipande vidogo vya koliflawa, ambamo bakteria na hamira wanaishi pamoja. Unatia vijiko viwili vya chembe kwenye nusu lita ya maziwa yaliyochemshwa na kupoa kabisa, unafunika kwa kitambaa, na baada ya saa 24 unachuja. Chembe zinarudi kwenye maziwa mapya. Zinakua, na ndiyo maana kwa kawaida mtu huzipata kwa mtu mwingine aliyezidiwa nazo.

*Uchachu.* Ni mchangamfu, una povu kidogo linalotekenya ulimi kwa sababu hamira hutoa gesi. Wapo wanaoupenda mara moja, wapo wasioupenda kamwe. Kwa joto la pwani usingoje saa 24, maana saa 12 hadi 16 zinaweza kutosha. Ukiona maji yametengana na maziwa chini ya chombo, imepitiliza.

*Uzito.* Mwepesi kuliko vyote. Ni kinywaji hasa, kinashuka vizuri baada ya pilau ya mafuta. Anayetaka uzito aongeze ndizi mbivu moja.

*Kazi na muda.* Kila siku ni kidogo, lakini ni kila siku. Chembe zinataka maziwa mapya kama mifugo inavyotaka majani. Ukisafiri, zizamishe kwenye maziwa na uziweke kwenye friji, zitakungoja kama wiki moja. Kwa jagi la watu kumi unahitaji kuanza kukusanya siku mbili tatu kabla. Usifunge chupa ya kioo kwa kifuniko cha kukaza na kuiacha nje. Gesi inaweza kuipasua.

*Tumboni.* Kwa wengi wenye shida ya laktosi hii ndiyo inayokwenda vizuri, ila asiyeizoea asianze na glasi nzima. Halafu lipo jambo la kusema wazi: kwa kuwa ina hamira, kefiri huwa na kileo kidogo, kwa kawaida chini ya asilimia 1, na kinaongezeka kadiri inavyokaa kwenye joto. Kinaongezeka zaidi ukitia tende au sukari kisha ukaiacha nje, kwa sababu umewapa hamira chakula kipya. Basi kefiri itiwe utamu wakati wa kunywa tu. Na kwa Waislamu, kama jambo hili linakutia shaka, muulize mwenye elimu unayemwamini kabla ya kuiweka mezani. Wageni wako wana haki ya kujua wanachokunywa.

*Inamfaa nani.* Mwenye mazoea ya kutunza vitu jikoni, mwenye tumbo linalokataa maziwa, na ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambako inauzwa tayari kwenye maduka makubwa na mgando wetu ni nadra kuuona.

Kutia ladha

Kwa lita moja ya chochote kati ya hivyo: tende nane za kawaida zilizoondolewa kokwa na kulowekwa, mbegu za hiliki tano zilizotwangwa, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na kungumanga ya kukuna palepale. Iwe kidogo tu, maana kungumanga ikizidi ni sumu. Saga tende na maziwa kidogo kwanza, chuja ukitaka, kisha changanya na yaliyobaki. Tende moja ya kawaida ina takriban gramu 5 za sukari, kwa hiyo nane ni gramu 40 kwenye jagi, na glasi ya mililita 200 inapata kama 8 za kuongezwa. Kiasi hicho hicho cha soda kingekuwa na 20. Tende bado ni sukari, sitaki kumdanganya mtu, lakini inakuja na nyuzinyuzi zake, na hiliki na chumvi husaidia utamu mdogo usikike zaidi.

Idi moja nilisaga nanasi bichi pamoja na mtindi asubuhi. Wageni walipofika adhuhuri jagi zima lilikuwa chungu, na sikuwa na lingine. Nanasi na papai mbichi zina vimeng'enya vinavyokatakata protini ya maziwa, na uchungu unatokea humo. Tangawizi mbichi nayo ni ya kundi hilo. Ukizitaka, chemsha kwanza: nanasi dakika chache na karafuu mbili, tangawizi kwenye maji kidogo kisha uichuje. Ziache zipoe kabisa. Ukimimina kitu cha moto kwenye maziwa yaliyochacha yanakatika, na bakteria uliowafuga usiku kucha wanakufa.

Walioko Marekani na Kanada huniuliza kuhusu eggnog ya Krismasi, ile ya viini vya mayai, krimu, sukari na kungumanga. Inawezekana bila krimu. Pika viini vinne na kikombe kimoja cha maziwa juu ya moto mdogo ukikoroga bila kuacha, mpaka rojo lishike mgongo wa mwiko. Mwenye kipimajoto afike nyuzi 71, maana mayai mabichi hubeba salmonela. Pooza ndani ya friji, ndipo uchanganye na vikombe vitatu vya kefiri au yogati. Hapa yogati inaipa uzito wa asili, kefiri inaipa wepesi. Mgando pia unakubali, ila harufu yake ya siagi itaonekana.

Kwa hali yako

Kama wageni ni ishirini na friji ni moja dogo, chagua mgando: tia maziwa usiku wa kuamkia sikukuu, na tende uziloweke usiku huo huo. Jagi lisikae nje zaidi ya saa mbili; ni bora kumimina nusu nusu.

Kama ni futari au Idi na hutaki maswali, mgando au yogati. Kama wageni ni wazee wenye kisukari, chagua msingi wowote, lakini mtolee kila mmoja glasi yake bila tende na umwachie atie ladha ya hiliki na mdalasini. Ndizi na tende zihesabiwe pamoja na wali aliokula. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe chochote chenye asali.

Aliyechelewa kabisa anunue pakiti ya mtindi au yogati isiyo na sukari, asome orodha ya vilivyomo, na aichanganye na maziwa freshi ya baridi kama ni kali. Hakuna aibu katika hilo. Anayeishi peke yake na anataka kitu cha kuendelea nacho baada ya sikukuu kupita, atafute chembe za kefiri. Aliyeshindwa na yogati mara mbili aangalie joto la maziwa kabla ya kulaumu mbegu.

Na kabla hujatia tende, tenga glasi mbili za mgando mtupu kwa yule mgeni asiyependa kitu kitamu. Zilegeze kwa maji ya baridi, tia chumvi, bizari nyembamba iliyokaangwa na kutwangwa, na majani machache ya mnanaa, kama chaas ya majirani zetu Wahindi wa Mombasa na Dar es Salaam. Kwetu hizo glasi mbili huisha kabla ya jagi.